Ushahidi Usio na Sahihi

Watu wa mahakama ile walimwita Mama Saa Tatu, na msidhani ni kwa mapenzi. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa hakimu, na kila siku ya kazi, saa tatu kamili asubuhi ilimkuta kitini, miwani puani, anautazama mlango. Wakili aliyeingia saa tatu na dakika nne alikuta kesi yake imeshaahirishwa. Mmoja aliwahi kujitetea kwamba tairi lilipasuka njiani, akaulizwa kama na miguu nayo ilipasuka. Tangu siku hiyo bwana huyo alikuwa akifika pamoja na wafagizi.

Umri wa kustaafu ulipofika, ulifika. Hauna rufaa huo. Wenzake walimpa zawadi ya saa ya ukutani, wakacheka wenyewe kwa utani wao, naye akaenda nyumbani kupumzika. Kupumzika kwenyewe kulimshinda wiki ya tatu tu. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu miaka minne kabla yake na aliyekwisha kuzoea nyumba yenye kimya, alimkuta asubuhi moja jikoni amezipanga sufuria foleni, ndogo mbele kubwa nyuma, anazitazama kwa macho ya kutoa hukumu.

"Mama watoto," akamwambia, "mimi nakupenda, lakini siku utakayoniita kwa namba ya jalada nahama."

Bahati ya ndoa ile, sheria mpya ikapita. Zamani mambo yalikuwa ya ajabu, na nikisema ya ajabu najizuia tu ulimi. Hakimu akistaafu huku kesi zake hazijaisha, kila kesi ilirudi mwanzo kabisa. Hata kama mashahidi kumi walikwisha kusema, wakabanwa maswali, wakalia, wakajifuta machozi, hakimu mpya alianza na shahidi wa kwanza kana kwamba hakuna aliyewahi kufungua mdomo. Na mashahidi nao ni watu. Wanahama, wanasahau, wanakufa zao. Kuna watu walizeeka na kesi moja mkononi.

Sheria mpya ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ilisema hakimu mstaafu anaweza kuitwa amalizie kesi ambazo mashahidi wote alikwisha kuwasikiliza. Atakula kiapo upya, hatagusa kesi mpya hata moja, na kazi yake itakoma miezi sita baada ya kustaafu. Siku hiyo ikipita kabla ya hukumu, kesi inarudi mwanzo kama zamani. Kifungu cha tisa kilisema kwamba hakimu akikuta kasoro katika maandishi yake mwenyewe, asiirekebishe chumbani peke yake. Aitamke kwanza mahakamani mbele ya pande zote, ndipo waone la kufanya.

Mama Saa Tatu aliisoma mara mbili akiwa na penseli. Kifungu cha tisa alikipigia mstari, akamwambia mumewe kwamba hicho kimewekwa kwa ajili ya wazembe.

Alipewa kesi nne. Tatu alizimaliza bila kutoka jasho. Ikabaki moja, ya fundi cherehani, na miezi sita ilikuwa inaisha Ijumaa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliishi na mumewe miaka ishirini na miwili katika nyumba ya vyumba viwili, yenye kibaraza mbele ambapo ndipo cherehani yake ilipokaa. Mume akafariki. Udongo wa kaburi haujakauka, kaka wa marehemu akaja na wakili, akasema nyumba ni ya ukoo, na kwamba huyo mwanamke hakuwahi kuolewa, alikuwa anakaa tu. Huyo mwanamke: ndivyo alivyomwita mahakamani tangu siku ya kwanza. Fundi yeye alimwita shemeji hata pale alipokuwa anasema shemeji ni mwongo.

Tabu ilikuwa kwamba karatasi hakuna. Cheti cha ndoa kilipotea walipokuwa wanahama, daftari la msajili lililiwa na mchwa likabaki gamba, na msajili mwenyewe alikwisha kufa. Halafu ndoa ilifungwa wodini. Bwana harusi alikuwa mahututi, madaktari wamekwisha kuinamisha vichwa, akasema hafi kabla hajaoa. Msajili akaletwa mbio, ndoa ikafungwa, na bwana harusi badala ya kufa akaishi miaka ishirini na miwili mingine, akawa mtu wa kulalamika chumvi. Fundi alisema shemeji alikuwepo siku ile, alisimama pembeni ya kitanda. Kaka wa marehemu aliapa kwamba siku hiyo alikuwa safarini, mji mwingine kabisa. Neno la huyu na neno la yule, na sheria inamtaka anayedai ndiye athibitishe.

Shahidi pekee asiye na upande alikuwa muuguzi aliyekuwa zamu siku hiyo wodini. Alitafutwa kwa taabu, akapatikana mwishoni kabisa, akatoa ushahidi wake siku ya mwisho ya kazi ya Mama Saa Tatu. Mwezi mmoja baadaye kiharusi kikamchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Mtaona basi kwa nini Ijumaa ile ilikuwa si Ijumaa ya mchezo. Ikipita, hakimu mpya ataanza upya, na muuguzi hana tena mdomo wa kumwambia kitu.

Jumanne asubuhi Mama Saa Tatu alikaa katika chumba cha majalada pamoja na karani wa mahakama, mzee waliyefanya kazi pamoja miaka kumi na saba na kugombana karibu yote. Pale ushahidi ulikuwa bado unaandikwa kwa mkono. Hakimu husikiliza huku anaandika, na shahidi akimaliza, hakimu huweka sahihi yake chini, tarehe na saa. Pasipo sahihi ule si ushahidi, ni hadithi tu mtu aliyoiandika. Mama Saa Tatu alikuwa amefuta kesi za watu kwa ajili ya sahihi iliyosahauliwa na mahakimu wa chini, na aliwaandikia barua za kuwaka moto.

Alisoma ushahidi wa fundi: sahihi ipo. Wa kaka wa marehemu: ipo. Akafika kwa muuguzi. Kurasa tano, maswali ya wakili, majibu, na mwishoni swali alilouliza yeye mwenyewe hakimu kwa kutaka uhakika: siku ile, pale kitandani, mlikuwa nani na nani? Jibu: msajili, bwana harusi, bibi harusi na mimi. Kisha karatasi nyeupe.

Akafunua ukurasa wa nyuma. Akarudi. Akaipeleka karatasi dirishani kama mtu anayekagua noti bandia.

"Karani," akasema, "njoo uone na wewe, pengine ni miwani."

Karani akaja, akaona, akakohoa. Wote wawili wakakumbuka kwa pamoja. Keki! Wafanyakazi walikuwa wamenunua keki ya kumuaga, wakawa wanasubiri nje ya mlango, na aliyekuwa anachungulia akadhani muuguzi amemaliza, akawapa ishara. Wakaingia wakiimba. Mama Saa Tatu, ambaye kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kuimbiwa na mtu yeyote, alimwambia muuguzi asante inatosha, akaweka kalamu chini, akapewa kisu. Watu wote walikula keki ile. Hata kaka wa marehemu alipata kipande.

Halafu karani akachomoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya jalada taratibu.

"Wino ni uleule," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa ni mimi, wewe na mchwa. Na mchwa hawasemi."

Msimhukumu karani. Alikuwa na huruma, hakuwa na hila. Alijua fundi hana wakili, alijua wakili wa upande wa pili akiliona pengo lile ataomba ushahidi wote wa muuguzi utupwe, na bila muuguzi nyumba imekwenda. Mama Saa Tatu naye aliyajua hayo, tena kwa undani zaidi, na nawaambia ukweli, aliichukua ile kalamu. Akaishika juu ya karatasi. Alijiambia kwamba sahihi ni yake, haigushi ya mtu. Kwamba maneno ni ya muuguzi kweli, aliyasikia kwa masikio yake. Moyo ulimdunda kama wa mwizi wa kuku.

Kilichomkwamisha ni tarehe. Mkono ulikuwa na desturi yake: sahihi, tarehe, saa, kwa mpigo mmoja. Angeandika tarehe gani? Ya leo ingemuumbua. Ya siku ile ingekuwa uongo ulioandikwa na hakimu ndani ya jalada la mahakama, kwa mwandiko wake mzuri. Akairudisha kalamu kwa karani.

"Nifungulie kesi hii kesho saa tatu," akasema. "Pande zote zije. Kuna kasoro ya kutamka."

Mchana ule hakula. Mumewe alimuuliza mara moja, akaambiwa yote. Hakumwambia umefanya vizuri, maana alimjua mkewe, angemrushia kijiko. Alimuuliza tu kama anaogopa nyumba ya fundi kwenda au anaogopa watu kujua kwamba Mama Saa Tatu naye husahau. Akajibu kwamba ni yote mawili, na kwamba la pili linamuuma kuliko anavyopenda. Akatokwa machozi pale mezani, machozi ya hasira. Mganga hajigangi, wanasema, na hakimu naye hajihukumu kwa urahisi.

Jumatano saa tatu aliitamka. Alisimama, jambo ambalo hakimu halifanyi, akasema kwamba siku ya mwisho ya kazi yake aliacha kuweka sahihi chini ya ushahidi wa muuguzi, kwamba kosa si la karani wala la mtu mwingine yeyote, na kwamba sheria inamtaka aliseme mbele yao kabla ya kufanya lolote. Akakaa. Mawakili waliokuwa wanangoja kesi zao nyuma walitazamana. Mmoja wao alikuwa yule wa tairi.

Wakili wa kaka wa marehemu, kijana mwerevu, mwenye adabu na tai nyembamba, alisimama akaomba alichotakiwa kuomba. Ushahidi usio na sahihi si ushahidi. Utupwe. Hakusema kwa ubaya, ndiyo kazi yake, na Mama Saa Tatu angekuwa yeye angeomba vilevile.

Kisha akaulizwa fundi. Fundi alisimama na mkoba wake kifuani. Alikuwa na pini mbili zimesahaulika kwenye kola ya gauni.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi sheria sijui. Ninachojua kosa ni lako na nyumba ni yangu."

Mama Saa Tatu angeweza kumwambia afunge mdomo. Wengi aliwafunga kwa machache kuliko hayo. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, mama," na akayaandika maneno yale kama yalivyosemwa, neno kwa neno, yakaingia jaladani.

Halafu akasema anachokusudia. Zamani, kabla hajaanza hata shule ya sheria, mahakimu walikuwa na utaratibu wa kumsomea shahidi ushahidi wake kabla ya kusaini, aseme ndivyo au sivyo. Utaratibu haukufutwa, uliachwa tu kwa sababu ya haraka za watu. Muuguzi hawezi kusema, lakini barua ya daktari inasema anasikia na anaelewa. Aletwe kesho, asomewe mbele ya wote. Wakili akapinga kwamba mgonjwa wa namna hiyo anaweza kutikisa kichwa kwa kila kitu. Akajibiwa kwamba anaruhusiwa kumjaribu atakavyo. Wakili akafikiri kidogo, akakubali.

Alhamisi muuguzi aliletwa na binti yake katika kiti cha magurudumu. Mwembamba, nywele zimechanwa vizuri, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Binti alieleza kwamba nyumbani mama hugonga meza kwa mkono wa kushoto: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, na akikasirika anagonga mpaka chai inamwagika. Kimeza kidogo kikawekwa mbele yake. Aliapishwa kwa kugonga mara moja.

Mama Saa Tatu akaanza kusoma. Alisoma polepole, sentensi moja moja, akiinua macho kila mwisho wa sentensi. Ko. Ko. Ko. Ilikuwa zamu ya asubuhi: ko. Mgonjwa alikuwa na homa ya wiki mbili: ko. Wakili alikuwa amempa karani karatasi iliyokunjwa, karani akampa hakimu. Ndani yake mlikuwa na jaribio lake. Mama Saa Tatu akalisoma bila kubadili sauti: "Ilikuwa wodi namba mbili ya wanaume."

Muuguzi alimtazama. Walioiona ile sura walisema baadaye kwamba ndiyo ile wauguzi wakubwa wanayowatazama nayo madaktari wapya waliokosea dozi. Akagonga mara mbili, kwa nguvu, na mara ya tatu kwa hasira.

"Wodi namba nne," Mama Saa Tatu akasoma kilichoandikwa kweli.

Ko.

Wakili akaandika kitu, akainamisha kichwa kwa heshima. Alikuwa amejaribu, na jaribio limemjibu.

Wakaenda hivyo kurasa zote tano. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Mama Saa Tatu alihisi mabega yanalegea. Akafika swali la mwisho, lile lake. Akasoma: "Siku ile pale kitandani tulikuwepo msajili, bwana harusi, bibi harusi na mimi."

Mkono wa muuguzi haukugonga. Ulibaki juu. Kisha ukagonga mara mbili.

Mama Saa Tatu alisoma tena, akidhani hakusikika. Mara mbili. Shahidi anaukana ushahidi wake mwenyewe, na wakili ameshaanza kuinuka kitini. Muuguzi akaufungua mkono wa kushoto mbele ya watu wote, vidole vitano vimenyooka.

"Watano?" Mama Saa Tatu akauliza.

Ko.

Hapo ndipo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimpiga kama kofi. Mwanamke huyu alikuwa bado anahesabu. Alikuwa amefika kwa wanne, mdomo u wazi kwa wa tano, mlango ukafunguliwa na watu wakaingia wakiimba. Ile "na" ya kufunga orodha hakuisema muuguzi. Aliiweka yeye, hakimu, kwa haraka ya kwenda kula keki. Na kama juzi angetia sahihi kimyakimya kwa ajili ya kumwokoa fundi, angekuwa amemfungia shahidi wake mdomo milele, tena palepale penye jibu.

Aliyasema hayo kwa sauti, yote, na karani akaandika. Halafu akamwambia muuguzi: "Nilikukatiza, mama. Nisamehe. Malizia."

Muuguzi aligeuza shingo taratibu mpaka macho yakafika kwenye benchi la upande wa pili. Akamnyooshea kidole kaka wa marehemu. Wakili alikuwa amesimama tayari kupinga kwamba kidole si ushahidi, mtu yeyote anaweza kunyooshewa. Lakini muuguzi hakuwa amemaliza. Akauinua mkono ule mmoja mzima juu kabisa, juu ya kichwa, ngumi imefumbwa kana kwamba imeshika kitu kinachoning'inia, akaubakisha huko. Ukaanza kutetemeka. Binti yake alitaka kumshusha, akamkatalia kwa macho.

Watu hawakuelewa. Hakimu hakuelewa. Hata fundi alikunja uso. Katika siku zote za kesi hakuwahi kutaja jambo kama hilo, maana siku ile wodini macho yake yalikuwa kwa bwana harusi, hayakuwa na nafasi ya kutazama kingine.

Aliyeelewa ni mmoja. Kaka wa marehemu alikuwa anautazama ule mkono unavyotetemeka. Alijua kinachoning'inia pale. Wodi ile haikuwa na cha kutundikia chupa ya dripu, na mdogo wake alikuwa anakufa, na msajili alikuwa anasoma polepole kweli. Akasimama bila kuitwa. Wakili alimshika kiwiko, akajitoa. Wala hakumtazama hakimu. Alimgeukia fundi.

"Niliishika chupa mpaka wakamaliza," akasema. "Mkono ulikufa ganzi siku mbili, shemeji."

Wakili akaketi. Alikuwa kijana mwerevu, nimekwisha kuwaambia. Alijua neno lile la mwisho limeifunga kesi kuliko hukumu yoyote, na alijua haliwezi kurudishwa mdomoni. Fundi alifunika uso kwa mkoba wake. Muuguzi akaushusha mkono, akaupumzisha mezani, akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo wa mwezi mzima wa zamu za usiku.

Kaka wa marehemu aliruhusiwa kuongea, akaongea akiwa amesimama, bila mpangilio. Alisema nyumba ile alimsaidia mdogo wake kuijenga, akaona baada ya kifo imebaki kwa mtu mwingine, roho ikamuuma, akasema uongo mmoja, na uongo mmoja ukataka mwenzake. Mama Saa Tatu hakumkatiza. Alimwacha aseme mpaka akaishiwa, akamsubiri zaidi kidogo, akamuuliza kama amemaliza kweli. Alipojibu ndiyo ndipo akamsomea maneno yake, na baada ya hapo akaweka sahihi zake mbili, chini ya ushahidi wa muuguzi na chini ya maneno ya huyu, kwa tarehe ya siku ile ile ya Alhamisi.

Hukumu aliisoma Ijumaa saa tatu. Haikuchukua hata dakika kumi. Ndoa ilifungwa, fundi ni mjane halali, nyumba ni yake. Kuhusu uongo wa mahakamani, alisema una mahali pake na atakayeushughulikia si yeye, maana saa zake zinahesabika. Akafunga jalada.

Hakimu mkuu wa mahakama alimfuata koridoni na kurasa zilezile kumi na moja, akamwonyesha kifungu cha kumi na mbili: wastaafu wanaweza kuajiriwa kuwafundisha mahakimu wapya. Wapo kumi na wanne wanaanza mwezi ujao, akamuuliza kama angependa. Mama Saa Tatu alijibu kwamba atakuja, kwa sharti moja: somo la kwanza liwe kesi hii, na jina la hakimu aliyekosea lisifichwe. Mkuu akamtazama kwa mshangao, akaandika.

Nje, kwenye ngazi, jua lilikuwa limeshachangamka. Kaka wa marehemu alikuwa amesimama chini kando ya ukuta, peke yake, wakili ameshaondoka. Bila shaka alikuwa na la kusema, na bila shaka lilikuwa limemkwama. Fundi aliteremka na mkoba wake, akampita hatua mbili tatu, akasimama. Mama Saa Tatu, aliyekuwa nyuma yao, naye akasimama juu ya ngazi, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Fundi alimtazama shemeji yake kutoka juu mpaka chini, macho yakaishia miguuni.

"Suruali imefumuka upindo," akamwambia. "Niletee Jumatatu. Nipo kibarazani."